Pikipiki Isiyokuwa na Kiwanda

Juma hili sitazungumzia siasa wala bei ya vitu. Nataka kuwaeleza habari za pikipiki moja ambayo imenikalia kichwani, na karakanani pia, kwa muda wa miezi 14. Pikipiki hiyo haina kiwanda. Ukiitafuta katika orodha za Norton hutaiona, na katika orodha za Triumph hutaiona vilevile. Ilizaliwa mwaka 1964 katika banda la nyuma ya nyumba hapa Coventry, Uingereza, na aliyeizaa ni jirani yangu, mzee ambaye sasa ana miaka 81.

Ilikuwa imelala chini ya turubai tangu mwaka 1986. Mzee alinijia akaniambia anataka iende barabarani tena, na kwamba siku moja, kabla miguu yake haijamkatalia, angependa kuiona inazunguka katika uwanja wa mbio. Mimi ufundi niliujifunza Gerezani, Dar es Salaam, ambako hakuna chombo kinachoitwa kibovu mpaka mafundi watatu wamekishindwa. Nikakubali kabla ya kuuliza maswali.

Pikipiki za aina hii huitwa Triton. Jina limeungwa kama ilivyoungwa pikipiki yenyewe: mwanzo wa Triumph na mwisho wa Norton. Fremu ni ya Norton, injini ni ya Triumph. Asikiaye kwa mara ya kwanza huuliza, kwa nini mtu avunje pikipiki mbili ili apate moja? Jibu ni kwamba katika miaka ya 1950 kila kimoja kati ya viwanda hivyo kilikuwa na nusu ya pikipiki nzuri.

Nusu ya Norton ilikuwa fremu. Iliyabuniwa na Rex McCandless akisaidiana na ndugu yake Cromie, watu wa Belfast. Mwaka 1950 Norton waliipeleka katika mashindano ya TT ya Kisiwa cha Man, wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika mbio za cc 500, na hivyo hivyo katika zile za cc 350. Mwendeshaji mmoja wao, Harold Daniell, alipoijaribu aliifananisha na kitanda cha manyoya, na jina hilo, Featherbed, likabaki mpaka leo. Siri yake inaonekana kwa macho. Ni mabomba mawili, kila moja limepindwa likawa kitanzi. Yanaanzia pale usukani unapozungukia, yanapita chini ya tangi, yanateremka nyuma ya injini, yanapita chini yake, kisha yanapanda mbele na kupishana na mwanzo wake. Fremu ya namna hiyo haikubali kusokoteka. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la nyuma linafuata kule lilikoelekea la mbele, wala halina mawazo yake.

Nusu ya Triumph ilikuwa injini ya silinda mbili, mtoto wa fikra za Edward Turner aliyoitoa mwaka 1937 ikiwa na cc 500, na ambayo kufikia mwaka 1959 ilikuwa imekua ikaitwa Bonneville, cc 650. Ilikuwa nyepesi, yenye nguvu, na vipuri vyake vilipatikana kila mahali. Lakini fremu zake za wakati ule zilipelekwa kona ya kasi zikayumba.

Tena bahati ilisaidia. Wakati huo yalikuwako mashindano ya magari madogo yenye injini ya cc 500, na injini waliyoitamani sana wenye magari hayo ni ile ya Norton Manx. Norton hawakuwa tayari kuwauzia injini peke yake, basi watu wakanunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, na fremu ikabaki inatafuta mume. Ndipo vijana wakaanza kuzioza injini za Triumph. Hao ndio vijana waliokuwa wakikusanyika Ace Cafe, katika barabara ya North Circular, London, wakishindana nani atafika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Mkahawa ule ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Wala msidhani Triton ilikuwa mchezo wa vijana wa mtaani tu: mwaka 1965 Dave Degens na mwenzake Rex Butcher walishinda mbio za saa 24 za Barcelona wakiwa juu ya Triton iliyojengwa na Degens mwenyewe.

Mzee wangu hakuwa na fedha za kununua fremu ya Manx. Yeye alinunua Norton Dominator ya barabarani, ya mwaka 1957, iliyopata ajali. Umbo ni lile lile, ila fremu za mbio zilitengenezwa kwa mabomba ya Reynolds 531, na za barabarani kwa chuma cha kawaida. Nalitaja hili kwa sababu wako wauzaji ambao fremu ya Dominator ikishapakwa rangi ya fedha wanaiita Manx, na bei inapanda hapo hapo. Injini aliitoa katika Triumph Tiger 110.

Sasa tufike kwenye kazi. Watu wengi wanaofufua pikipiki za zamani huanza na injini, kwa sababu injini inatoa sauti na sauti inafurahisha. Mimi huanza na fremu, tena ikiwa tupu, bila hata punje ya rangi. Rangi naiondoa kwa dawa, sisagi kwa mashine, maana mashine huufuta ushahidi ninaoutafuta. Chini ya rangi tatu nilikuta puti, na chini ya puti, katika bomba la chini upande wa kulia, nikakuta mahali ambapo mtu alichomelea kipande cha bati nene ili kukanyagio kisogezwe nyuma, kama waendeshaji wa mbio wanavyopenda. Nikapaka ile rangi nyekundu inayopenya, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe. Baada ya dakika chache mstari mwekundu ukajichora wenyewe kando ya ule mchomeleo. Ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 3, sawa na theluthi ya mzingo wa bomba.

Ufa wa namna hii haukuanza kwa ajali. Unapochomelea bati nene juu ya bomba jembamba, chuma kilicho kando ya mchomeleo hupata joto jingi kisha hupoa haraka, na tabia yake inabadilika. Halafu mwendeshaji anasimama juu ya kile kipande kila akipita kwenye shimo, na injini inatikisa bila kupumzika. Bomba linachoka mahali pale pale penye ukingo wa mchomeleo, kidogo kidogo, kwa miaka. Ninyi mlioko Dar es Salaam na Nairobi, mnaoona bodaboda zikichomelewa keria na vyuma vya kila aina, mtajua hapa nasemea nini.

Na nani angeuona? Hapa Uingereza, tangu Mei 2018, chombo chenye umri wa zaidi ya miaka 40 hakilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, isipokuwa kama kimefanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita. Triton hii ilibadilishwa kabla ya hapo. Basi kisheria mzee angeweza kuipaka rangi, kuilipia bima na kuondoka.

Nilimwita karakanani. Alivaa miwani, akauangalia ule mstari, akaupitisha kidole, akanyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba alichomelea yeye mwenyewe, mwaka 1971, kwa mashine ya kuazima, na majira yale ya joto alimpakia mkewe wakaenda nayo mpaka Wales. Mkewe ni marehemu sasa. Akaniuliza kama hatungeweza kuuziba tu ufa na kukiacha kipande mahali pake, kwani kilikuwa kimeshika miaka yote hiyo. Ndugu wasikilizaji, haikuwa rahisi. Nilimwambia kwamba kama kipande kile kitabaki, yeye ataipata pikipiki yake, lakini mimi sitaipanda uwanjani wala sitamkabidhi ufunguo. Alikwenda zake bila kuaga. Nikakaa siku nane sijamwona. Siku ya tisa alikuja, akaomba msumeno, akakikata kile kipande kwa mkono wake.

Fremu niliipeleka kwa fundi anayejenga fremu za mbio. Alikata sehemu iliyochoka, akaingiza ndani ya bomba kipande kingine kinachobana, akachomelea, kisha akaifunga fremu kwenye meza ya vipimo. Hapo tukagundua kwamba ile ajali ya zamani ilikuwa imekipinda kichwa cha fremu kwa milimita 4. Kikanyooshwa. Vikanyagio vipya havikuchomelewa: vimefungwa kwa bolti kwenye sahani za aluminiamu zinazoishika injini.

Sahani hizo ndizo cheti cha ndoa, na hapo ndipo Triton nyingi huharibiwa. Injini ikikaa nyuma mno, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na pikipiki inasita kuingia kona. Tena mnyororo wa injini na wa gurudumu la nyuma lazima ikimbie sambamba. Nilizikata sahani za mbao kwanza, mara tatu, kabla ya kugusa aluminiamu.

Ndani ya injini sitawachosha, ila mambo mawili. Pistoni za Triumph hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo mtikisiko hauondoki kabisa: unaweza tu kuchagua uwe mdogo katika mwendo gani, kwa kuisawazisha kranki. Na ndani ya kranki hiyo kuna mrija unaonasa uchafu wa oili. Usipoufungua na kuusafisha, injini yaweza kunguruma vizuri kabisa siku ya kwanza, na siku ya tano ikajifunga kwa kukosa oili. Mrija wa mzee ulikuwa umejaa kitu cheusi kigumu kama lami.

Ugumu wa kuitaka pikipiki moja iwe ya barabarani na ya uwanjani ni kwamba kila kipuri kinakuuliza unamtumikia nani. Pistoni za mbano mkubwa ni tamu uwanjani, lakini kwenye taa za barabarani injini inachemka na kupiga kelele. Nikaweka za mbano wa 8.5 kwa 1. Tangi lilikuwa la faiba, jepesi na la kupendeza, lakini petroli ya kawaida ya hapa tangu Septemba 2021 ina asilimia mpaka 10 ya spiriti ya ethanoli, nayo huilainisha faiba ya zamani ikawa uji, na uji huo ukaingia kwenye kabureta. Mzee alinuna, lakini tangi sasa ni la aluminiamu.

Breki sikuzifanyia mapatano. Nilibakiza ngoma ya mbele ya Norton ya inchi 8, ila nikaweka bamba ambalo viatu vyote viwili vya breki vinavutwa na mzunguko wa gurudumu lenyewe. Spoki zilifungwa kwanza, ndipo ngoma ikachongwa, kwa sababu spoki zikikazwa huivuta ngoma ikapoteza uduara wake. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa hewa kamwe: lainingi za miaka ile nyingi zilikuwa na asbestosi. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji.

Uwanja tuliokwenda ni Mallory Park, Leicestershire, siku ya pikipiki za kale, isiyokuwa ya mashindano. Taa zilifunikwa kwa utepe, bolti za oili zikafungwa kwa waya zisijifungue, na kelele zikapimwa. Nilizunguka mara sita. Katika ile kona ndefu ya kwanza fremu ilifanya yale yaliyosifiwa tangu 1950: nilichagua mstari, ikaushika, nikawa na nafasi ya kufikiria mambo mengine. Niliporudi, kabla sijavua kofia, mzee alikuwa amepiga magoti na tochi, anakagua bomba la kulia. Palikuwa pakavu na pazima.

Jumapili iliyofuata aliiendesha mwenyewe, maili 11, polepole, barabara za mashambani. Alirudi uso umemwiva kwa upepo. Sikupewa asante. Aliuliza ni nani aliyepunguza meno ya sproketi, maana kwa mwendo wa maili 60 injini inatetemeka mpaka anaona vioo viwili viwili. Nikakiri: ni mimi, kwa ajili ya Mallory. Kuibadilisha kunahitaji kufungua kasha la mnyororo na kutoa klachi nzima. Amesema atakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, na kwamba spana ataleta zake.