Kupasula kifua kwa matundu madogo



Kifua ni sanduku la mifupa: mbavu jozi 12. Kufikia uvimbe katika pafu, munganga alikuwa anakata nyama kwa urefu na kupanua mbavu kwa chuma. Maumivu yaliweza kuendelea miezi.

Mwaka 1910 munganga Jacobaeus, wa inchi ya Uswidi, alieleza namna ya kuchungulia kifuani kwa bomba dogo lenye taa. Tangu miaka ya 1990 waganga wanatumia kamera ndogo. Picha inaonekana kwenye televisheni. Mugonjwa analala kwa dawa, anapumua na pafu moja tu. Lile lingine linanywea sawa mupira bila upepo, ndipo nafasi ya kazi inapatikana.

Wanakata kipande, wanakipima kwa mikroskopi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: si kila uvimbe ni kansa! Kifua kikuu pia kinaweza kuacha donge katika pafu, na kile kinapona kwa vidonge. Basi tusilie mutu mbele ya jibu la mikroskopi.

Kama ni kansa, na iko ingali ndogo, inatolewa ndani ya mfuko, ili chembe zake zisibaki njiani. Ikishika mishipa mikubwa ya damu, munganga anaweza kurudia njia ya zamani.