Thieta Iliyogeuzwa Baa Mjini Llandudno

Ukimwambia Mkenya wa kawaida kwamba jumba la thieta limegeuzwa baa, aghalabu atatikisa kichwa kwa masikitiko, na yamkini atauliza utamaduni wa watu wa mji huo umefia wapi. Mimi, ambaye pombe si kinywaji changu, ningetarajiwa kutikisa kichwa pamoja naye. Lakini baada ya kuitembelea baa iitwayo The Palladium katika mji mdogo wa Llandudno, kaskazini mwa Wales, naona suala hili lataka kutazamwa kwa makini zaidi, hasa na sisi ambao majumba yetu ya sinema yamekuwa yakifungwa moja baada ya jingine huku tumekunja mikono.

Llandudno ni mji wa pwani wenye wakazi wapatao 20,000, uliojengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya watu waliotoka kwenye moshi wa viwanda kwenda kupunga upepo wa bahari. Umekaa kati ya vilima viwili vya mawe, Great Orme na Little Orme, na gati yake, iliyofunguliwa mwaka 1877, imechomoza baharini kwa karibu mita 700. Mabango ya barabarani yameandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza. Mnamo Machi 2020, wakati watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mbuzi wa mwituni wanaoishi Great Orme waliteremka mjini wakajitafunia maua ya bustani za watu bila wa kuwafukuza, na picha zao zikaenea duniani kote. Wenyeji wangali wanakisimulia kisa hicho kwa fahari, kana kwamba mbuzi hao ni madiwani wao.

Palladium ilifunguliwa mwaka 1920 ikiwa thieta. Ilikuwa na roshani, vyumba vidogo vya pembeni vya watazamaji wenye pesa, na dari yenye nakshi. Baadaye filamu zikachukua nafasi ya waigizaji. Miaka ya 1970 ukumbi ukagawanywa: chini watu wakacheza bingo, juu wakatazama sinema. Kufikia mwaka 1999 hata hayo yalikwisha, milango ikafungwa. Kwa kawaida hapo ndipo kilio cha jengo huanza: paa huvuja, njiwa huingia, mbao huoza, kisha mhandisi huandika kwamba kuta ni hatari kwa wapita njia. Palladium haikufika huko. Mwaka 2001 ilifunguliwa tena ikiwa baa ya kampuni ya J D Wetherspoon, ambayo ina baa takribani 800 kote Uingereza na Ayalandi.

Nilikuwa na shughuli zangu Bangor, mwendo mfupi kwa gari moshi, nikaenda kujionea. Ilikuwa saa nne asubuhi. Viti vya watazamaji vimeondolewa na mahali pake pamewekwa meza, lakini ukiinua macho bado uko ndani ya thieta: roshani ipo, vyumba vya pembeni vipo, nakshi zimepakwa rangi upya. Hapakuwa na muziki. Hii ni desturi ya kampuni hiyo katika baa zake nyingi, na kwa mtu aliyezoea baa za kwetu, ambamo spika hushindana na matatu za nje, kimya kile chashangaza. Zulia nalo lina habari yake. Kila baa ya kampuni hiyo hufumiwa zulia la peke yake, aghalabu lenye michoro inayodokeza historia ya jengo, na mwandishi mmoja, Kit Caless, alitoa kitabu kizima juu ya mazulia hayo mwaka 2016. Wazungu nao wana mambo.

Hakuna foleni katika baa ya Mwingereza. Watu husimama kando kando ya kaunta bila mpango wowote unaoonekana, na mhudumu hutarajiwa kukumbuka nani alitangulia nani. Siku hizi waweza pia kuagiza kwa programu ya simu ukiwa umeketi mezani. Niliagiza chai. Unapewa kikombe kitupu, unajimiminia mwenyewe, na ukimaliza unajaza tena bila kulipa. Meza zilizonizunguka zilikuwa na watu wapatao ishirini, wengi wao wazee, na waliokuwa na bia walikuwa wachache sana. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti aliniambia kwamba alipokuwa kijana alikuja hapo kutazama filamu, akainyoshea kidole roshani: pale, safu ya nyuma, ndipo alipokaa kwa mara ya kwanza na msichana ambaye baadaye alimwoa. Bibi huyo amekwisha kufariki. Nikamwuliza kama haimuudhi kuona ukumbi ule umekuwa baa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Bado nina mlango wa kuingilia,” akasema, akarudia gazeti lake.

Kampuni yenyewe haikuanza kwa nia ya kuhifadhi majengo. Mwanzilishi wake, Tim Martin, alifungua baa yake ya kwanza mwaka 1979 huko Muswell Hill, kaskazini mwa London, na jina Wetherspoon ameeleza kwamba alilitwaa kwa mwalimu mmoja wa New Zealand aliyeshindwa kulinyamazisha darasa. Wakati huo baa nyingi za Uingereza zilimilikiwa na viwanda vya bia, na mwenye baa alilazimika kuuza bia ya kiwanda chake tu. Mgeni asiye na kiwanda hakupata baa nzuri za kununua kwa urahisi. Ilimbidi ageukie maduka, mabenki, posta na kumbi ambazo wenyewe walikuwa wamezihama. Serikali ilipunguza nguvu za viwanda hivyo kwa amri za mwaka 1989, na mwaka 1992 kampuni ya Martin ikaingia katika soko la hisa. Basi kilichookoa dari ile ya Llandudno, kwa kiasi kikubwa, ni hesabu za faida. Majengo makubwa yaliyokosa kazi hayakuwa na wagombeaji wengi, nayo kampuni ilihitaji nafasi kubwa ya kuuzia bia nyingi kwa bei ya chini.

Na bei hiyo ya chini ina wahanga wake. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa zaidi ya 60,000. Sasa zimebaki takribani 45,000. Si haki kuitwika kampuni moja lawama yote, kwani kodi, bia za madukani, marufuku ya kuvuta sigara ndani na tabia za vijana vimechangia. Hata hivyo, mwenye baa ya vyumba viwili katika uchochoro, anayemjua kila mteja kwa jina la babake, hawezi kushindana na mnunuzi anayeagizia baa 800 kwa pamoja. Kwa hiyo mji waweza kuwa umeokoa thieta moja na kupoteza baa tatu. Nami sithubutu kusema kwamba baa hizo tatu hazikuwa urithi, eti kwa sababu dari zao hazikuwa na nakshi.

Lipo na jambo jingine la kuogofya. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inauza baa 32 kwa mpigo. Palladium ilisalia, lakini habari ile ilionyesha wazi kwamba mlezi wa namna hii hukaa maadamu hesabu zinamkubalia. Kinachowapa watu wa Llandudno usingizi ni kwamba jumba lao limeorodheshwa kisheria, na yeyote atakayelirithi hawezi kulibomoa wala kuzing'oa nakshi zake bila kibali. Sheria imeshika kuta, biashara inaziba paa. Mkono mmoja ukiachia, wa pili peke yake hautoshi.

Sisi tunayajua haya kuliko tunavyokiri. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, ndipo ikafunguliwa kuwa makavazi mwaka 1960. Ngome ya Lamu ilifungiwa watu hadi mwaka 1984. Hakuna anayelisifu gereza, lakini jengo lenye watu ndani hupata wa kuziba nyufa zake, hata kama ni mfungwa aliyelazimishwa. Kumbi zetu kadhaa za sinema zimegeuzwa makanisa, na wapenzi wa filamu hulalamika. Mimi siwalaumu wachungaji hao, kwani wao angalau hununua mabati na rangi. Ninaowalaumu ni wale wanaoacha ukumbi ukae mtupu miaka kumi kwa makusudi, uoze mpaka kuubomoa kuonekane ni huruma, kisha wainue jengo la vioo lenye vibanda vya simu.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi tunayo tangu mwaka 2006. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka leseni za pombe, sinema, maktaba na makavazi katika kifungu kimoja, vyote chini ya serikali za kaunti, pamoja na mipango ya miji. Gavana hahitaji kuomba ruhusa Nairobi ili amwambie mwenye ukumbi mtupu kwamba leseni ya kufungua mkahawa, kanisa au hata baa atapewa kesho asubuhi, kwa sharti kwamba roshani isiguswe. Na kwamba kibali cha kubomoa hatapewa. Hadi leo sijasikia kaunti iliyotoa sharti la namna hiyo.