Maji na Umeme Havikai Chumba Kimoja

Nataka kuwaeleza kwa nini soketi ya umeme haifai kuwekwa bafuni. Habari hii yawahusu wanafunzi wanaoamka alfajiri kupasha maji ya kuoga, na yawahusu pia wanafunzi wa zamani ambao sasa wanajenga nyumba za kupangisha huko Busia na Tororo.

Kwanza yafaa tujue umeme wetu. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Tangu mwaka 1958 umeme wa Uganda ukapelekwa Kenya kwa nyaya zinazopita Tororo. Nchi zote mbili hutumia volti 240, na soketi zenye matundu matatu kwa desturi ya Kiingereza. Basi mtu akivuka mpaka wa Busia fedha hubadilika, lakini umeme ni ule ule, na hatari yake ni ile ile.

Sasa, umeme humdhuru mtu kwa njia gani? Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na mwili wa mtu waweza kuwa njia hiyo. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi kikubwa, kwani yaweza kuwa na ukinzani wa omu makumi elfu. Lakini ngozi iliyolowa yaweza kushuka hadi kama omu 1,000 tu. Gawanya volti 240 kwa omu 1,000, utapata ampea 0.24, yaani miliampea 240. Na miliampea 10 hivi zatosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichoshika. Zikifika miliampea 50 au 100, moyo waweza kupoteza mapigo yake.

Hapa wengi hujibu, "Lakini plagi ina fyuzi!" Ndugu zangu, fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Kazi yake ni kulinda waya usiungue. Fyuzi ya ampea 13 hupitisha zaidi ya mara 50 ya umeme ule tuliouhesabu, wala haikatiki. Mtu aweza kufa na fyuzi ikabaki nzima.

Tazameni basi mambo yanavyokuwa. Mtu huchukua koili, huitia katika ndoo ya maji bafuni, na umeme huletwa kwa waya mrefu uliopitishwa chini ya mlango. Sakafu ni saruji iliyolowa, naye hana viatu. Ganda la koili likiwa limepasuka, maji yote ya ndoo huwa na umeme. Akitia kidole kupima joto, njia imekamilika: ndoo, mkono, moyo, miguu, ardhi.

Kuna na desturi nyingine mbaya. Plagi ya miguu miwili ikikataa kuingia, mtu hutia kijiti au kalamu katika tundu la juu ili kuilazimisha. Tundu lile ndilo la waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, ambao huupa umeme uliovuja njia nyingine isiyo mwili wako. Kwa chombo cha chuma kinachohitaji waya huo, kijiti kile kimekuondolea mlinzi. Hata nyumba yenye waya huo yafaa ipimwe na fundi, hasa penye mawe kama karibu na Mwamba wa Tororo, kwa maana ardhi ya mawe, tena kavu, haipokei umeme vizuri.

Waingereza, ambao tulirithi soketi zao, hukataza soketi za kawaida katika chumba cha kuogea, ila ziwe mbali na mahali pa kuogea kwa meta 2.5 au zaidi. Bafu zetu nyingi hazifiki upana huo. Nchi nyingine za Ulaya huruhusu soketi karibu zaidi, lakini kwa sharti kwamba pawe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja miliampea 30, kabla sekunde moja haijapita. Hicho ndicho kimlindacho mtu.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaojenga: msikubali fundi aweke soketi bafuni hata mpangaji akiitaka. Swichi ya taa iwe nje ya mlango. Wekeni kifaa hicho cha kukata umeme katika sanduku kuu. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya matanga.

Nanyi wenzangu wa mabwenini, pasheni maji mahali pakavu. Zimeni umeme ukutani na kuchomoa plagi kwanza, ndipo mguse maji, kisha mbebe ndoo kwenda bafuni. Mkimkuta mwenzenu amenaswa, msimshike. Zimeni umeme kwanza. Ikishindikana, simameni mahali pakavu mmsukume kwa mti mkavu, kisha mwite msaada. Asipopumua, anayejua huduma ya kwanza aanze upesi.

Dakika chache za kungoja maji si kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, na uhai vivyo hivyo.