Utulivu wa Moyo kwa Ndugu Wenye Ulemavu

Mara nyingi tunaanza sala kwa maneno haya: «Pigeni magoti, fumbeni macho.» Lakini hapa Kamina tuko na ndugu wasioweza kupiga magoti. Mwaka 2017 polio ilionekana tena katika Haut-Lomami, ikapoozesha miguu ya watoto. Je, neno letu la kwanza liwafukuze?

Siku hizi waganga wa hospitali wanafundisha zoezi la utulivu: mtu anaangalia pumzi yake na yale anayoyasikia mwilini saa hii, pasipo kuyahukumu. Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha katika hospitali ya Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Asili yake ni kwa Wabuda. Zoezi lenyewe si sala, lakini laweza kuitengenezea sala njia.

Kupatanisha zoezi na mwili wa mtu si jambo geni kwetu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjika mguu huko Pamplona mwaka 1521, akachechemea maisha yake yote. Katika Mazoezi yake ya Roho aliagiza yapimwe kwa nguvu za kila mtu. Aliruhusu kusali kwa kupiga magoti, kukaa, kusimama, hata kulala chali.

Basi, tufanye namna gani? Kwanza tumwulize mwenyewe, maana anaujua mwili wake kuliko sisi. Aliyepooza miguu, tusimwambie asikie nyayo zake chini. Aangalie pumzi ao mikono yake. Kipofu asikilize sauti za karibu, kisha za mbali. Kiziwi, tupatane naye alama mbele ya kuanza, tena tumguse begani wakati wa kumaliza. Pasipo hiyo atafumbua macho kila mara kutazama wengine. Asiyefahamu upesi, dakika moja yamtosha, na punje ya rozari mkononi. Mwenye maumivu asilazimishwe kukaza mawazo panapouma. Achague mahali pa mwili penye raha.

Tujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kuahidi kwamba zoezi litaponya mguu. Haliondoi kazi ya muganga wala dawa. La pili ni kumfundisha mtu kutulia ili asinung'unike, na huku mlango wa kanisa una vidaraja asivyoweza kupanda. Kutengeneza njia ya kupitia pale ni kazi yetu, si yake.