Waltham: Saa ya Massachusetts Kwenye Reli za New South Wales

Kampuni ya saa ya Waltham ilianzia Roxbury, jirani na Boston, mwaka 1850. Waanzilishi wakuu walikuwa Aaron Dennison, fundi saa, na Edward Howard, aliyekuwa akiunda saa za ukutani na mizani. Siku hizo saa za mfukoni zilizosifika zilitoka Uingereza na Uswisi. Kila moja ilipitia mikono ya mafundi wengi, huyu akichonga gurudumu, yule akisugua ekseli, na skrubu ya saa moja haikukubali kuingia kwenye nyingine. Dennison alikuwa ameona kiwanda cha bunduki cha serikali huko Springfield, ambako mashine zilitoa vipande vinavyobadilishana. Akataka saa nazo ziundwe hivyohivyo.

Kusema ni rahisi. Kipande cha bunduki kikizidi kwa unene wa unywele, bunduki hulia. Cha saa kikizidi hivyo, saa haiendi. Kwa hiyo mashine zenyewe zilibidi zibuniwe kwanza, na fedha nyingi zikaishia huko. Mwaka 1854 kiwanda kilihamia Waltham, kando ya mto Charles, mji uliokuwa na kinu cha pamba tangu 1814. Mwaka 1857 kampuni ilifilisika, ikapigwa mnada na kununuliwa na mfanyabiashara Royal Robbins.

Kilichoiokoa ni vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwatoa maelfu ya vijana makwao, na wengi walitaka saa ya bei nafuu. Kampuni iliwauzia toleo lililoitwa William Ellery. Rais Abraham Lincoln naye alikuwa nayo moja.

Katika maonyesho ya Philadelphia ya 1876, mashine ya Waltham iliyokata skrubu ndogo bila kuguswa na fundi iliwashtua Waswisi, wakarudi kwao na kuanza kubadili viwanda vyao. Pengine ndiyo athari kubwa kuliko zote za kampuni hii: iliwafundisha washindani wake. Miaka mitatu baadaye saa zake zilionyeshwa Sydney, katika maonyesho ya kimataifa yaliyofunguliwa Septemba 1879 ndani ya Garden Palace, jumba lililoteketea kwa moto mwaka 1882.

Soko la kudumu lilikuwa reli. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na ikaelezwa kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama dakika chache, kisha ikaendelea. Webb Ball, sonara wa Cleveland, alikabidhiwa ukaguzi wa saa za reli, na masharti yakakazwa: saa isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, namba zisomeke waziwazi. Akrabu hazikusogezwa kwa kuvuta kitufe cha kutilia ufunguo. Ilibidi kufungua kifuniko cha kioo na kuvuta kijiti chembamba pembeni, ili saa isibadilishwe kwa bahati mbaya mtu anapoitoa mfukoni.

Reli ya serikali ya New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia, nayo ilizitumia saa za Waltham, na zilizobaki hutambulika kwa herufi NSWGR, kifupi cha jina la reli hiyo kwa Kiingereza. Tangu Februari 1895 koloni hilo lilifuata saa moja rasmi, saa kumi mbele ya Greenwich, hivyo saa ya mfukoni mwa gadi wa treni ilipaswa kulingana na ya kila kituo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu walihamia saa za mkononi, na Waswisi, waliokwisha kujifunza mashine, waliuza kwa bei ya kushindana. Waltham ilifilisika tena 1949, na mwaka 1957 iliacha kuunda saa za mfukoni na za mkononi, baada ya kutoa mamilioni kwa mamilioni. Jengo la matofali kando ya mto Charles bado lipo. Ndani yake sasa kuna ofisi na nyumba za kupanga.