Polio, Magurudumu na Muziki

Polio husababishwa na kirusi kinachoingia mwilini kwa njia ya kinywa, hasa katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na ingawa wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, takriban mmoja kati ya 200 hupooza, kwa kawaida miguu, bila dawa ya kumrudishia nguvu. Ndiyo maana katika sehemu kama Katanika, Kalemie, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikopiga kambi watu waliokimbia mapigano, choo safi kina uzito uleule wa matone ya chanjo.

Anayetajwa kwanza miongoni mwa mashujaa wa ugonjwa huu ni Franklin Roosevelt, aliyepooza mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39, kisha akachaguliwa rais wa Marekani mara 4. Wanaomsifu husimulia ujasiri wake na kusahau mali yake, kwani alikuwa na watumishi, vyuma vya kukaza miguu, na wapigapicha ambao kwa kawaida hawakumpiga picha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wilma Rudolph, binti wa familia maskini ya Tennessee, Marekani, aliyeugua polio utotoni, hakuwa na mali kama hiyo. Ndugu zake walimkanda mguu kila siku, na mwaka 1960 akashinda medali 3 za dhahabu katika mbio za Olimpiki mjini Roma.

Kongo nayo ina mfano wake, nao pengine unafundisha zaidi. Huko Kinshasa, walemavu wengi wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa hadi Brazzaville, ng'ambo ya mto, juu ya baiskeli za magurudumu matatu, kwa kuwa walipunguziwa nauli ya kivuko na ushuru wa forodha, yaani kodi ya bidhaa zinazovuka mpaka. Katika mazingira hayo ya mitaani, Ricky Likabu na Coco Ngambali, wote waliougua polio, waliunda kundi la Staff Benda Bilili, ambamo kijana Roger Landu alipiga satonge, ala ya uzi mmoja aliyoitengeneza kwa kopo. Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, ilitoka mwaka 2009 ikiwa na wimbo unaowahimiza wazazi kuwachanja watoto, na mwaka uliofuata filamu ya maisha yao ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Baadaye Ngambali na mwenzake wa kundi hilo, Théo Nzonza, walijitenga, kama ilivyo ada ya bendi za Kinshasa, wakaunda Mbongwana Star, iliyotoa albamu mwaka 2015.