Lita moja ya maji, dakika mbili

Muuguzi anayemzalisha mama usiku, iwe Molo, Subukia au katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, huchomoa glavu mbili kwenye boksi na kuzivaa papo hapo. Mtoto hangoji. Je, nani alihakikisha hazivuji?

Kipimo chenyewe ni maji. Glavu hutundikwa vidole vikielekea chini, ikajazwa lita moja ya maji, ikaachwa dakika mbili. Uzito huivuta na kuivimbisha, na penye tundu, hata lile lisiloonekana kwa macho, tone hujitokeza.

Tatizo ni kwamba glavu iliyojazwa maji haivaliwi tena. Kwa hiyo hupimwa sampuli tu. Kwa kiwango cha Ulaya, katika shehena ya glavu 100,000 hutolewa 200. Zikivuja 7, shehena inapita. Zikivuja 8, inakataliwa. Hesabu hiyo hunikosesha raha kila nikiifikiria: glavu aliyovaa muuguzi wetu haikupimwa na yeyote, na shehena iliyopita inaweza kuwa na nyingine zenye matundu.

Kisha zinasafirishwa na kuhifadhiwa. Glavu za mpira asilia huchakazwa na joto na jua, kwa hiyo boksi halifai kukaa dirishani pa zahanati inayochomwa na jua la Naivasha. Mafuta ya kujipaka mikononi nayo huudhoofisha mpira huo, na kucha ndefu huutoboa.

Tundu dogo si jambo dogo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, na mkono wenye mchubuko ni mlango wazi kwavyo. Ndiyo maana mhudumu anahitaji chanjo, na ndiyo maana mikono huoshwa hata baada ya kuvua glavu. Damu ikimwingia kwenye kidonda, aripoti mara moja: dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora.

Kipimo hiki cha maji hakihitaji mashine. Katoni mpya zikifika hospitalini, mtunza ghala anaweza kutundika glavu 20 juu ya beseni. Idadi hiyo haitoshi kuithibitisha shehena nzima, lakini zikivuja tatu nne, katoni zisalie ghalani na msambazaji apigiwe simu kabla ya boksi hata moja kufika wadi ya kujifungulia.